Kabau ya babu

Tabora

Swahiba wangu wa Ujiji,

Salamu nyingi. Zile dagaa ulizompa jamaa wa treni zimefika salama, na mama anakushukuru sana.

Unakumbuka tulipokuwa tukisoma hapa, mvua ikitukuta njiani tunakimbilia barazani kwa babu? Naye anatutazama tulivyolowa, anasema, "Hii nayo mvua? Mvua ilikuwa Kabau." Tulidhani Kabau ni kijiji cha huko Malagarasi. Swahiba, nimejua Kabau ni wapi.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku lake la bati kutafuta karatasi za shamba. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, tukakuta nishani: nyota ya pembe sita, na utepe uliofifia, mwekundu katikati, buluu na rangi ya chungwa pembeni. Pamoja nayo karatasi imeandikwa 36 K.A.R. Ndiyo ile Keya ya wazee, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Batalioni ya 36 ilikuwa ya watu wa Tanganyika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na nyota ile ni ya vita vya Burma, katika Vita Kuu ya Pili.

Kabau, basi, ni bonde la Kabaw, huko Burma. Mwaka 1944 Wajapani walishindwa Imphal, India, wakawa wanarudi nyuma, na Divisheni ya 11 ikatumwa kuwafuata kupitia bonde hilo katikati ya msimu wa mvua kubwa. Bonde lenyewe lilijaa malaria, hata Waingereza wakaliita bonde la mauti. Njia ziligeuka tope, magari yakazama, chakula kikawa kinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Wakasonga hivyo hivyo miezi kadhaa. Katikati ya Novemba wakafika Kalemyo, Desemba 2 wakaingia Kalewa, kisha wakavuka mto Chindwin. Hapo wahandisi wakatandaza daraja la vyuma la karibu mita 350, na wakati ule hapakuwa na daraja refu kuliko hilo la aina yake.

Nikakumbuka miguu yake. Kila jioni babu alikaa kwenye kigoda na kitambaa chake, akakausha vidole kimoja kimoja, hata kiangazi, vumbi tupu. Mjukuu akilala na miguu imelowa, anaamshwa. Sisi tulisema ni uzee. Kumbe alikuwa bado anatembea kwenye lile tope, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Hilo linaniuma kuliko nitakavyoweza kukueleza.

Darasani tulikariri sababu za vita, moja, mbili, tatu, lakini hawa watu wetu walipewa sentensi moja. Na majina yao tumekaa nayo miaka yote! Kambi ya Lugalo pale Dar zamani iliitwa Colito, kwa sababu Batalioni ya 6 ya Keya ilipigana mahali paitwapo Colito, Ethiopia, Mei 1941. Batalioni ya 6 yenyewe ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza ya Tanganyika Rifles, jeshi letu baada ya uhuru, na ya pili ilikuwa na kambi hapa hapa Tabora mpaka maasi ya wanajeshi ya Januari 1964.

Sasa nakuomba jambo. Ile picha ya kaka yake bibi yako, aliyevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, iko bado ukutani? Itoe taratibu kwenye fremu uangalie nyuma, huenda kuna namba ya jeshi au jina la batalioni kwa penseli. Kisha muulize bibi. Muulize asubuhi, akishakunywa chai, usimharakishe, na uyaandike maneno yake kama anavyoyatamka, hata jina ambalo hulielewi. Hilo hasa ndilo usiliache.

Wasalimie wote nyumbani. Nasubiri barua yako.

Ni mimi rafiki yako,
wa barazani kwa babu