Waathirika wa mafuriko hawahitaji "chochote ulicho nacho"

Ndugu Mhariri,

Masika yakishika kasi, magazeti, lenu likiwamo, hutoa tangazo lile lile: mafuriko yametokea mahali fulani, wenye moyo wa kusaidia walete chochote walicho nacho. Sisi tunaojitolea kupokea, kupanga na kugawa vitu hivyo tunaomba kila tangazo la michango litoke na orodha: kinatakiwa nini, kiasi gani, kwa kaya ngapi, na mwisho wa kupokea ni lini. Bila orodha, watu wale wale wachache wanaotakiwa kuhudumia familia zilizolala darasani hujikuta wanachambua mizigo ambayo hakuna aliyeiomba.

Orodha haihitaji kubuniwa mjini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, na mwandishi wenu akimpigia simu mtendaji wa kata atasomewa mahitaji ya siku hiyo. Nayo hutofautiana sana. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Huko usiku ni baridi na nyumba zilijaa tope, kwa hiyo blanketi, koleo, toroli na mabuti ya mvua vina kazi. Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, kwenye joto la pwani, na hayakuondoka upesi. Kwa mtu wa huko blanketi ni mzigo. Anataka chandarua, turubai, dumu la maji na mtumbwi wa kumvusha. Mtoaji aliye Mwanza au Dar es Salaam hawezi kuyajua haya kama hakuambiwa.

Nguo ndizo hujaa kwanza. Watu wanafungua kabati, wanasokomeza kwenye mfuko wa rambo: sweta, suti ya harusi ya mwaka arobaini na saba, kiatu cha kushoto, pazia. Mfuko mmoja ulio na unyevu ukikaa siku tatu chini ya rundo, ukungu unashika mifuko yote inayouzunguka, na hapo kilichobaki ni kuchoma. Kuchambua rundo la ukubwa wa belo moja la mitumba kunakula asubuhi nzima ya watu kadhaa, watu ambao wangekuwa wanaandikisha kaya. Zile zisizogawika huishia sokoni kwa bei ya kutupa, na anayeumia ni muuza mitumba wa palepale ambaye naye banda lake limeingia maji.

Ukiona lazima utoe nguo, zifue, zianike mpaka zikauke kabisa, uzipange kwa umri na jinsia. Sandarusi moja iwe na aina moja tu, isizidi kilo 20 ili mtu mmoja aweze kuibeba, na iandikwe kwa kalamu ya wino mzito, mfano "Wasichana, miaka 5 hadi 7". Kandambili na viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba. Nguo za ndani ziwe mpya, hakuna mjadala. Kinachogombaniwa kuliko vyote ni khanga, kwa sababu doti moja inafunika, inabeba mtoto, inatandikwa na inakuwa pazia la kuvalia nguo pale familia sita zinapolala chumba kimoja. Pedi nazo zinasahaulika kila mwaka. Zikipelekwa, ziende pamoja na sabuni, na ndoo yenye mfuniko kwa wanaotumia za kufua.

Chakula kilichopikwa kina nafasi yake siku mbili tatu za mwanzo, wakati watu hawana sufuria wala kuni kavu. Kwa watu 100 pika mchele kilo 12 hadi 15 na maharage kilo 6. Pika karibu na walipo, kiliwe ndani ya saa mbili. Wali uliopikwa Mbagala alfajiri, ukafungwa kwenye vyombo ukingali moto na kufika Ikwiriri saa saba mchana ni hatari: kuna bakteria wanaozaliana kwenye wali uliokaa vuguvugu na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kambi yenye matundu machache ya choo ikipata watu sitini wanaoharisha kwa mpigo, msaada umegeuka maafa ya pili.

Baada ya hapo ni chakula kikavu, na hapa hesabu inasahaulika. Kipimo kinachotumika sana katika misaada ni nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kaya ya watu watano kwa wiki mbili inahitaji kilo 28 za sembe, maharage kilo 4 na kidogo, mafuta lita 2 na paketi ya chumvi ya nusu kilo. Sasa linganisha na kile kiroba cha kilo 5 ambacho wengi hupenda kukitoa mbele ya kamera: kaya hiyo inakimaliza siku ya tatu asubuhi. Na kiroba hicho hicho anapewa bibi anayeishi na mjukuu mmoja, na mama mwenye watoto saba. Tumieni mizani, msitumie sado, maana sado ya muuzaji huyu si sado ya yule.

Halafu maharage. Yanachukua saa mbili au tatu motoni, na kuni kambini zimelowa. Kama hampeleki mkaa, pelekeni dagaa, choroko au dengu zilizokobolewa, zinazoiva upesi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipeleke kabisa. Yanataka maji yaliyochemshwa na chupa safi, vitu viwili ambavyo havipo, na mama anayenyonyesha akianza kuchanganya, maziwa yake mwenyewe hupungua. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa mhudumu wa afya. Msaada wake haupatikani kwenye foleni. Kwa mama anayenyonyesha, ongezeni unga wa lishe na maji salama ya kunywa.

Kwenye maji, katoni za chupa ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Lori zima la chupa linaisha kwa siku moja na kuacha takataka zinazoziba mitaro. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Kama maji yana tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa kisafi kilichokunjwa mara nne, ndipo kidonge kiwekwe, na yasinywewe kabla ya dakika 30. Sanduku dogo la vidonge linaloingia kwenye begi la mgongoni linazidi mzigo wa fuso. Ila vidonge visigawiwe bila maelezo wala bila dumu. Mtu asiyeelekezwa hukimeza kama panadol.

Ugawaji ndiko mambo yanakoharibikia, na karibu kila mara chanzo ni daftari. Kikundi kinafika, kinaomba orodha kwa mwenyekiti wa mtaa, kinaanza kugawa. Mwenyekiti anawajua wenye nyumba. Wapangaji hawamo: nyumba moja ya uswahilini ina vyumba sita na kaya sita, lakini kwenye daftari ni jina moja. Hawamo pia waliohamia kwa ndugu, ambao hawaonekani kambini ingawa wanalala kumi chumbani na aliyewapokea naye hana kitu. Andikisheni upya, chumba kwa chumba, mkiwa na balozi wa nyumba kumi na mtu mmoja anayeaminiwa na wapangaji; andikeni idadi ya watu, wajawazito, wenye ulemavu, wazee wanaoishi peke yao. Kisha bandikeni orodha ukutani siku nzima ili watu wenyewe waseme nani amerukwa na nani ameandikwa mara mbili. Majirani wanajua yote.

Jioni ya kuamkia ugawaji, pitisheni kuponi zenye namba na muhuri, rangi moja kwa kaya ndogo na nyingine kwa kaya kubwa. Asubuhi tumieni uwanja wenye uzio, mara nyingi wa shule, watu waingie lango hili na kutokea lile. Mzigo ushushwe na uhesabiwe kabla mtu hajaruhusiwa kuingia. Kama kuponi ni 340 na vifurushi ni 300, msianze. Tangazeni kuahirisha, watu watalalamika na kuondoka. Mkianza, watu 40 wa mwisho hawataelewa na hata polisi hawatawasaidia. Wekeni akiba ya kifurushi kimoja kwa kila 20 kwa waliorukwa kwa haki. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na mstari wao, na wawepo wa kuwabebea mizigo hadi wanakolala, vinginevyo kijana wa kuwabebea atadai nusu ya unga. Kurusha vitu kutoka juu ya gari tusikubali hata kwa dakika moja: anayedaka ni mwenye nguvu, anayekanyagwa ni mtoto.

Kuhusu picha, tuseme kwa kifupi. Mtu aliyepoteza kila kitu hapaswi kununua sembe kwa sura yake, na taarifa binafsi tangu 2022 zina sheria yake. Pigeni picha ya mzigo.

Fedha mara nyingi ni msaada bora kuliko vyote, mradi ziwe na ulinzi. Soko la karibu likishafunguka, sembe inunuliwe hapo hapo: nauli ya fuso inabaki mfukoni na mfanyabiashara wa eneo anainuka. Barabara ikiwa imekatika na bei imepaa, hapo ndipo mzigo utoke mbali, maana kumwaga hela kwenye soko lisilo na bidhaa kunapandisha bei kwa kila mtu. Michango isiingie kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, hata awe sheikh au mchungaji. Iingie akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kama matumizi, na risiti zibandikwe mahali palepale orodha ilipobandikwa. Mkusanyaji anayesema "tutatoa taarifa baadaye" asipewe.

Wanaotaka kutoa nguvu zao nao wafike wakiwa wamejitegemea: chakula chao, maji yao, mahali pao pa kulala, mabuti, glovu ngumu, na wawe wamechanjwa pepopunda, kwa sababu tope la mafuriko limejaa misumari na vipande vya bati. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichopo tangu 1962, kinafundisha huduma ya kwanza kupitia matawi yake. Ni afadhali kujifunza kabla ya mvua. Kazi ya kwanza ya vijana wenye nguvu ni kutoa tope ndani ya nyumba lingali bichi, kwani likikauka linahitaji sururu. Ya pili ni visima. Vuteni maji yote machafu, sugueni kuta, toeni tope la chini, acheni kisima kijae tena, kisha pimeni: kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina takriban lita 2,350. Mpeni ofisa afya hesabu hiyo apange kiasi cha klorini na muda wa kusubiri. Anayemwaga klorini kwa kukisia ama anaacha wadudu hai, ama anafanya maji yawe makali hadi watu warudi kunywa ya mtoni.

Jambo ambalo magazeti yanaweza kulisaidia kuliko sisi ni muda. Michango humiminika wiki ya kwanza, kamera zikiwapo, na wiki ya tatu imekauka. Sasa hesabuni: yai la mbu linafikia kuwa mbu ndani ya wiki moja hadi mbili, vimelea vya malaria vinahitaji takriban siku kumi au zaidi ndani ya mbu, na mtu huanza kuugua wiki moja hadi nne baada ya kuumwa. Wimbi la homa linakuja mwezi wa pili baada ya mafuriko, vyandarua vikiwa vimekwisha na habari imeshahamia kwingine. Chandarua kimoja kwa watu wawili kinatakiwa kiwe kimefika kabla ya hapo.

Kipindi hicho hicho ndicho cha mbegu. Kwenye bonde kama la Rufiji maji yakishuka yanaacha udongo wenye unyevu, na mkulima mwenye kilo 8 hadi 10 za mbegu ya mahindi ya muda mfupi anapanda ekari moja na kuvuna baada ya miezi mitatu hivi. Asipopata mbegu wiki zile chache, unyevu unapotea na atategemea sembe ya msaada mpaka msimu mwingine. Hatujawahi kuona tangazo la michango ya mbegu, majembe wala daftari za shule, na vitu hivi ni rahisi kubeba.

Tunapendekeza kisanduku kidogo ukurasa wa habari za mikoani, kila Jumatatu kwa miezi mitatu tangu mafuriko yatokee: jina la kata, idadi ya kaya, vitu vinavyotakiwa wiki hiyo na kiasi, vilivyotosha, na akaunti ya kikundi iliyothibitishwa na ofisi ya wilaya. Kwenye safu ya vilivyotosha, nguo mnaweza kuziandika tangu toleo la kwanza.

Wasomaji wenu,
Wanaojitolea katika ugawaji wa misaada,
Dar es Salaam