Salinger hakuwa anaringa, alikuwa katoka vitani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni. Kila akitajwa J.D. Salinger, yule Mmarekani aliyeandika The Catcher in the Rye, lazima usikie alikuwa mtu wa ajabu, kajifungia kwake, anaringa, anawakimbia waandishi wa habari, na stori inaishia hapo kama vile mtu huamka tu asubuhi akaamua hataki watu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliyopigana mbona haitajwi? Au ikitajwa ni sentensi moja halafu haooo, wanarudi kwenye vituko vyake.

Jamani huyu alitua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, siku ileile ya kwanza ya uvamizi dhidi ya Wajerumani, na Divisheni ya 4 ya jeshi la miguu, ana miaka 25. Toka hapo hakupumzika, wakapigana kuelekea Cherbourg, wakaingia Paris, halafu msitu wa Hürtgen huko Ujerumani kwenye baridi na matope ambako mabomu yalikuwa yanapasukia juu kwenye miti na vipande vinawashukia askari walioko chini, halafu Desemba Wajerumani wakashambulia tena na kikosi chake kiko Luxembourg. Yeye alikuwa kitengo cha kupambana na majasusi, anajua Kijerumani na Kifaransa, kwahiyo kazi yake ni kuhoji mateka na raia. Aprili 1945 akafika kwenye kambi moja ndogo iliyokuwa chini ya Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, akakuta maiti za watu waliochomwa. Miaka mingi baadae alimwambia binti yake kwamba harufu ya nyama ya mtu ikiungua haikutoki puani hata uishi vipi. Vita imeisha tu, huyo akalazwa hospitali Nuremberg, akili imechoka kabisa.

Sasa someni alichoandika baada ya hapo. Mapigano yenyewe karibu hayaonekani, na kwangu mimi hiyo ndo inauma zaidi. Kwenye hadithi yake ya 1948 ya samaki-ndizi kuna mwanaume karudi vitani, yuko hotelini na mkewe, anacheza vizuri na mtoto ufukweni, anarudi chumbani anajipiga risasi. Ile ya Esmé ya 1950 kuna sajenti mikono inamtetemeka mpaka mwandiko wake hausomeki. Na The Catcher in the Rye ya 1951, ambayo watu wanaichukulia ni malalamiko ya kijana aliyedekezwa, ni kitabu cha msiba mwanzo mwisho, kijana mwenyewe Holden anamlilia mdogo wake Allie aliyefariki. Halafu kuna kaka yao D.B., huyo alikuwa Normandy, na Holden anasema akija likizo kazi yake ilikuwa kulala kitandani, hata sebuleni alikuwa anakuja kwa nadra sana! Hiyo ni 1951. Mwaka 1953 Salinger mwenyewe akahamia Cornish, New Hampshire, huko vijijini. Mimi naona alikuwa kashatuambia.

Sisemi vita peke yake. Umaarufu ulimchosha, na mambo ya dini ya Kihindi aliyoyashika nayo yalimvuta kwenye ukimya. Na si kila aliyenusurika hujificha, mwandishi mwenzake wa Kimarekani Kurt Vonnegut alikuwa mateka wa Wajerumani mjini Dresden mji ulipoteketezwa kwa mabomu Februari 1945, akahangaika na kitabu chake mpaka 1969 ndo kikatoka, na akaendelea kusimama mbele za watu na kuongea. Kila mtu na anavyobeba. Ila mtu ambaye kazi yake vitani ilikuwa kuhoji watu akija kukataa kuhojiwa, mimi siwezi kuita hiyo maringo.

Halafu hakuacha kuandika, hapo ndo watu wanakosea sana. Hadithi ya mwisho aliitoa 1965, na mwaka 1974 aliliambia New York Times kwa simu kwamba bado anaandika, ila kutochapisha kunampa amani. Alifariki 2010 akiwa na miaka 91, na mwaka 2019 mwanaye akasema maandishi yaliyobaki yatachapishwa. Ombi langu kwa wachambuzi wenu wa vitabu, siku yakitoka msianze na ile nyumba ya Cornish na mtu kakimbia kamera. Anzeni na Hürtgen.

Msomaji wenu.