Tarishi wa kompyuta ajue anatumwa na nani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu akili bandia jeshini ilizungumzia droni mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliokesha kwenye mahema ya mawasiliano tunajua kuwa jeshi la nchi nyingi hukwama kwenye makaratasi kabla hata risasi haijalia.

Niliwahi kushiriki mazoezi ya pamoja ya nchi kadhaa. Kila nchi ilikuja na kompyuta zake na siri zake, na ilikuwa marufuku kuziunganisha. Sajenti wetu alikuwa akisoma nambari za ramani kwenye skrini, anazinakili daftarini, anavuka ua wenye matope hadi hema la jirani, na huko mwenzake anazichapa upya. Jioni moja 6 ikageuka 9. Lori la maji likaenda kutusubiri upande wa pili wa mlima, tukalala bila kuoga. Bahati yetu yalikuwa maji tu.

Utarishi huo ndio hasa unaoweza kufanywa na programu wakala, yaani programu inayotumwa kutafuta na kufikisha taarifa bila kushikwa mkono. Wala si jambo geni. Kati ya 2000 na 2002, watafiti wa Marekani, Uingereza, Australia na washirika wao waliendesha CoAX, jaribio la programu wakala kwa majeshi ya muungano. Walibuni mgogoro wa mwaka 2012 kandokando ya Bahari ya Shamu, katika nchi waliyoiita Binni, majirani zake wakiwa Gao na Agadez. (Gao ya kweli iko Mali na Agadez iko Niger, aliyebuni hakuhangaika sana na ramani yetu.) Programu za kila nchi zilikaa ndani ya mipaka yake, kwa kanuni za nani aambiwe nini. Wakala mmoja alifuatilia hata walipo wanyama wa hifadhi ya kubuni ili mashambulizi yasiwakute. Programu ya Gao ilipoanza kuulemea mtandao kwa makusudi, ilibanwa, nyingine zikaendelea na kazi.

Ufundi huo nausifu. Ila tazama nani alishika ufunguo: mwenye mtambo. Mwafrika wa kubuni ndiye aliyekuwa mgeni asiyeaminika. Tukiletewa mfumo wa aina hiyo kesho, Gao ni sisi.

Chukua brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa Kongo kwa Azimio 2098 la mwaka 2013, iliyoanza na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Aliyewahi kulinda amani anajua kikosi kina mabwana wawili, kamanda wa misheni na makao makuu ya nyumbani. Wakala anayemjua bwana mmoja atapeleka kwa jirani kile ambacho nyumbani wamekikataza, na hakuna atakayegundua.

Kwa hiyo kanuni za wakala wetu aziandike afisa wetu aliyeko kambini, na aweze kumwondoa mtamboni bila kuomba ruhusa ya mtu. Amri ya kufyatua isipite kabisa kwa wakala bila saini ya binadamu. Na kila ujumbe uache kumbukumbu tutakayorudi nayo nyumbani.

Sajenti yule alikuwa akisaini kila alipovuka ua: jina, saa, na aliyempokea. Asubuhi tulifungua daftari, tukaiona ile 9 na mwandiko wa aliyeiandika.

Mstaafu wa mawasiliano,
Morogoro