Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Safari Yetu ya Kisiwa cha Chumbe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu Sheha,
Mwalimu Mkuu na wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Walimu wetu, wazazi wetu, wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wa klabu ndogo kama yetu. Ulipofika ulikataa kukaa kivulini kabla ya kutembelea kitalu chetu cha mikoko, na wenzetu wanaokitunza wamefurahi mno. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Klabu hii ilianza na wanafunzi tisa waliokuwa wakiokota plastiki pwani siku za Jumamosi. Leo tuko sabini na tano. Tungeweza kukusomea orodha ya miti tuliyopanda na mifuko ya taka tuliyokusanya, lakini tumekubaliana muda huu tuutumie kukueleza jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililotubadilisha. Nalo ni safari ya Chumbe, waliyokwenda wanafunzi 14 kati yetu pamoja na walimu wawili.

Kwa sisi wa rasi ya Fumba, hapa Unguja, Chumbe si mahali pa mbali. Mnara wake tunauona ukimulika kila usiku. Umesimama pale tangu mwaka 1904, na babu zetu wameutumia kutafutia njia ya kurudi nyumbani. Hata hivyo, kabla ya safari hii hapakuwa na hata mwanafunzi mmoja katika skuli yetu aliyewahi kukanyaga kisiwa hicho. Tulijua tu kwamba ni pahala pa watalii na kwamba kuvua huko ni marufuku, na wengine tulikuwa tukinung'unika kwamba tumenyimwa bahari yetu.

Safari ilipangwa kwanza mwezi wa saba. Kusi ikavuma, nahodha akatazama maji akasema hatutoki. Tukangoja mpaka maleleji, pepo zilipotulia. Siku ilipofika tuliondoka pwani ya Mbweni asubuhi, na baada ya kama dakika arubaini boti ikatushusha kwenye mchanga.

Naomba nikueleze kwanza tulichokuwa tunakijua, Mheshimiwa, maana bila hicho maneno yanayofuata hayatakuwa na uzito. Kwetu sisi, tumbawe ni jiwe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Kuta, visima, msikiti wa zamani, hata makaburi ya wazee wetu, yote ni hayo. Chokaa tunayopaka nyumba wakati wa sikukuu imetoka kwenye tanuri ambamo mawe hayo huchomwa kwa magogo. Mji Mkongwe mzima, unaosifiwa duniani kote, ni matumbawe na chokaa. Mwalimu alipotuuliza darasani kabla ya safari, "Tumbawe ni nini?", darasa zima lilijibu kwa sauti moja: jiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mimi ninayesoma risala hii niliogopa sana siku ile. Nimezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini na sijui kuogelea. Sikuwa peke yangu: kati ya wasichana wanane tuliokwenda, anayejua alikuwa mmoja. Wavulana hujifunza wenyewe wakiruka kutoka kwenye ngalawa, sisi tunaambiwa tusiende mbali. Tulivishwa majaketi okozi, tukapewa miwani ya kuzamia na bomba la kuvutia pumzi, tukafundishwa kuvitumia penye maji ya magotini. Kila kundi dogo likawa na mlinzi wa kisiwa. Aliyenishika mkono mimi alikuwa mtu mzima aliyekuwa mvuvi kabla ya kuwa mlinzi. Aliniambia, "Usipige miguu, mwanangu. Lala tu, bahari itakubeba."

Nikalala. Nikashusha uso.

Sijui nianzie wapi. Kulikuwa na matumbawe kama meza zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa, mengine kama pembe za mnyama paa, mengine ya duara yenye mikunjo kama ubongo, kwa rangi ya kahawia, ya zambarau, ya kijani cha majani machanga. Kulikuwa na makombe makubwa yaliyofunua midomo ya buluu, na chewa aliyejificha chini ya mwamba akitutazama. Changu na tasi tuliwazoea wakiwa kwenye ndoo, sasa tukawaona wakiwa kwao. Nilisikia sauti ya kutafuna, kruk, kruk, nikadhani ni bomba langu. Mlinzi akanionyesha kidole: pono anang'ata mwamba. Tulipotoka majini alitueleza kwamba pono husaga mwamba kwa meno yake, akala mwani, na mwamba uliosagika akautoa nyuma kama mchanga mweupe. Mchanga ule ule tunaochezea mpira kila jioni, Mheshimiwa, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki.

Tukaelezwa pia lile jibu tulilolikosa darasani. Tumbawe ni mnyama. Au tuseme ni mji wa wanyama: maelfu ya viumbe wadogo sana, kila mmoja ana mdomo na vikono vyake, na wote hujijengea nyumba ya chokaa chini yao. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotumia nuru ya jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Rangi nyingi tulizoziona ni za mwani hao. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Joto likiendelea kwa wiki nyingi, linakufa kwa njaa. Hayo yaliipata miamba yetu mwaka 1998, na tena mwaka 2016, na hata Chumbe haikusalimika. Lakini mwamba usiopigwa wala kukokotewa nyavu una nguvu ya kurudi, na tulichokiona ni mwamba uliorudi.

Kuna hesabu moja iliyotukaa kichwani. Matumbawe ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Tuliloelea juu yake lilikuwa na kimo kikubwa kuliko mwalimu wetu wa Sayansi, na mwalimu huyo si mfupi. Tukapiga hesabu palepale mchangani. Lilikuwa na zaidi ya miaka 170. Limeanza kujengwa kabla ya mnara. Nanga moja ikitupwa ovyo inalivunja kwa dakika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi wa Chumbe na msitu wake kuwa hifadhi mwaka 1994, na usimamizi ukapewa kampuni isiyogawana faida. Ilikuwa miongoni mwa hifadhi za bahari za mwanzo kabisa duniani kuendeshwa kwa namna hiyo. Fedha za wageni wanaolala kwenye nyumba saba za makuti ndizo zinazolipa walinzi, na ndizo zinazowapeleka wanafunzi wa skuli za Zanzibar kisiwani tangu miaka ya tisini. Tumeona tuliseme hili mbele ya wazazi, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatujui. Walinzi wale hawana silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka wanamfuata kwa boti, wanasalimiana, wanazungumza naye, tena mara nyingi kwa lugha ya mtu aliyewahi kushika mshipi. Chombo kikipata shida baharini, haohao ndio wanaokwenda kusaidia. Kwenye mwamba huo mdogo zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki. Samaki hawajui mpaka: wanaokulia ndani hutoka nje, na mayai yao huchukuliwa na mkondo mpaka kwenye maji tunayovua sisi. Kwa hiyo lile nung'uniko letu kwamba tumenyimwa bahari, tumelifuta.

Msituni hatukukaa sana, jua lilikuwa kali. Msitu wote umeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, hakuna kisima, na mizizi inajipenyeza kwenye nyufa kutafuta maji ya mvua. Paa nunga hatukumwona. Ni paa adimu sana, na waliletwa Chumbe wapate pahala pa salama. Kaa wa nazi tulimwona mmoja, amejibana kwenye shimo lake, mkubwa kuliko kichwa cha mtu. Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anaweza kufika kilo nne, na akiwa mzima ukimtupa majini anakufa maji. Kwingi amekwisha kwa kuliwa.

Ila kilichowagusa wengi wetu upande wa nchi kavu ni vyoo. Naomba usituone watovu wa adabu. Vyoo vya Chumbe havitumii tone la maji, uchafu unachanganyika na majani makavu na kuwa mboji, na havina harufu. Maji ya kuoga ni ya mvua, yanakingwa na paa la nyumba na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Skuli yetu ina mapaa manne makubwa ya bati yanayomwaga maji yote ya masika uwanjani, na kila kiangazi vyoo vya wasichana vinafungwa kwa kukosa maji. Siku zile baadhi yetu hubaki nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Niliporudi nyumbani jioni ile babu yangu alikuwa barazani anashona wavu. Akaniuliza, "Haya, mmeona nini huko?" Nikamweleza yote, la pono, la mwani, la hesabu ya miaka 170. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba ujanani mwake yeye na wenzake walivua kigumi: wavu unazungushwa, watu wanashuka na miti na kuupiga mwamba ili samaki watoke. Wakaupiga misimu mingi. Akasema, "Sisi tulikuwa tunapiga jiwe. Hatukuambiwa na mtu kwamba lina roho." Nimemwomba ruhusa ya kulisema hili hapa, akaniruhusu. Yupo amekaa safu ya tatu.

Ndiyo maana maombi yetu leo yanaanza na jambo ambalo huenda hukulitarajia. Tunaomba tufundishwe kuogelea. Tunaomba wasichana wapangiwe muda wao, walimu wao wa kike na mavazi ya stara, ili mzazi yeyote asipate sababu ya kumkataza mtoto wake. Mtoto wa pwani asiyeweza kushusha uso majini atamaliza skuli akiamini kwamba tumbawe ni jiwe, hata tukimwandikia ubaoni kila siku. Sisi tuliandikiwa, tukakariri, na hatukuelewa mpaka tulipolala juu ya maji.

Tunaomba pia usaidizi wa usafiri hadi Mbweni. Safari ya kwanza wazazi walichanga nauli ya daladala ya kukodi, na kwa baadhi ya nyumba fedha hiyo ilikuwa ni chakula cha siku mbili.

Ombi la tatu tunalileta kwa heshima kubwa mbele ya wavuvi wetu. Maji yetu ya upande wa kusini yamo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye kilomita za mraba 470. Eneo ni kubwa na walinzi ni wachache. Tunaomba kijiji kikae na Kamati ya Wavuvi kichague kipande kimoja tu cha mwamba kipumzishwe kwa miezi michache, kama wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba walivyopumzisha sehemu yao kwa ajili ya pweza. Pweza hukua upesi, na mama zetu wanaochokoa pweza miambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, ndio watakaokuwa wa kwanza kuona tofauti. Pale vyombo vinapoegesha tunaomba yawekwe maboya ya kufungia kamba, nanga zisitupwe juu ya mwamba. Klabu iko tayari kuyapaka rangi na kuyakagua kila mwezi.

Na kuhusu mapaa ya skuli, Mheshimiwa, michirizi na tangi moja la kuanzia vingetosha kuvifungua vyoo vya wasichana kiangazi kijacho. Walimu wetu wamekwisha kupima urefu wa mapaa.

Tunamshukuru Mwalimu Mkuu aliyetuamini, wazazi waliotuachia, na walinzi wa Chumbe waliotushika mikono.

Nyuma ya risala hii tumeambatanisha majina ya wanafunzi 61 wanaosubiri zamu ya kwenda. Jina la kwanza ni la mwenzetu aliyefika Mbweni na sisi asubuhi ile, akavishwa jaketi okozi, akayaangalia maji, akalia, akarudi nyumbani na mwalimu wa zamu. Juzi alikuja mwenyewe kuniambia nimwandike wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.