Kwa nini tunaangalia kovu la tumbo lako kabla ya kukupa kidonge cha kamera

Wiki iliyopita bwana mmoja aliondoka mapokezi kwetu amekasirika. Alikuja tayari kumeza kidonge cha kamera, yaani kidonge chenye kamera ndogo kinachopiga picha ndani ya utumbo, akaambiwa aanze na kidonge cha majaribio, ambacho nacho kina bei yake. "Mnanitoza mara mbili kwa kazi moja," akasema. Si wa kwanza kulalamika hivyo.

Bwana huyo ana kovu la operesheni toka kitovuni hadi chini. Tumbo likishapasuliwa, matumbo huweza kushikana kwa makovu ya ndani na njia ikabanwa. Kidonge cha kamera kina urefu wa milimita 26 na unene wa 11, na hakiyeyuki. Kikikuta mbano, kinakaa hapo hapo. Cha majaribio kina ukubwa uleule ila hakina kamera wala betri, na kikikwama huanza kuyeyuka baada ya saa 30 hivi. Kikitoka kizima kabla ya hapo, tunajua njia iko wazi.

Kuna mama alituficha kwamba aliwahi kukatwa kipande cha utumbo, kwa kuwa wanawe walimshauri anyamaze ili wapunguze gharama. Akamezeshwa cha kamera moja kwa moja. Wiki mbili zikapita hakijatoka, eksirei ikakionyesha kimetulia upande wa kulia. Ilibidi apasuliwe tena, na bili ya wodi peke yake ilizidi mara nyingi kile walichotaka kuokoa. Tangu siku ile muuguzi wetu hulitazama tumbo kwa macho yake, hata ukisema hujawahi kupasuliwa. Pia anauliza kuhusu diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za aina yake, maana ukizitumia miaka mingi nazo huweza kubana utumbo.

Wengine hunywa chai ya maziwa asubuhi ya kipimo wakidhani haihesabiki. Inahesabika. Tunaposema usile kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo, tunataka kamera ione ukuta wa utumbo, isione mabaki ya chapati. Kidonge hutumika mara moja tu, hivyo picha zikiharibika unanunua kingine. Na bei hiyo si ya kidonge peke yake: kwa saa nane hivi zinapigwa picha zaidi ya 50,000, na daktari wetu hukaa kuzipitia kwa utulivu.

Kama umepasuliwa juzi, una homa na tumbo limevimba, usije kwetu kutafuta kidonge. Rudi haraka kwa daktari aliyekupasua, maana mshono wa utumbo unaovuja hautafutwi kwa kamera hii.

Ukija, njoo na karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali, hata kama imechakaa. Na ukishameza, usikubali kuingizwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku kali, mpaka tuthibitishe kidonge kimetoka.