Kutoka maabara ya chuo hadi kwenye tanuri la saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie vijana wanaosomea uhandisi wa maada, ambao wengi wao hudhani kwamba baada ya shahada ya uzamivu njia iliyobaki ni kufundisha tu. Mimi nilitumia miaka minne chuoni nikichunguza jinsi majivu ya volkano yanavyoweza kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka (vinundu vigumu vinavyotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji) katika saruji, kisha nikaajiriwa kiwandani.

Huko nilikuta tanuri ambalo malighafi ndani yake hufikia takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, wala halizimwi ili mtafiti arudie jaribio lake. Chuoni, sampuli zangu ziliposubiri siku 28 kabla ya kupimwa nguvu, hakuna aliyenung'unika. Kiwandani msimamizi wa zamu hutaka jibu kabla lori halijaondoka. Mafundi wa tanuri, ambao hawajawahi kuandika makala ya kitaaluma, ndio walionifundisha kuitilia shaka klinka kwa kutazama rangi yake.

Naviomba vyuo viwapeleke watafiti viwandani kwa miezi kadhaa, si kwa ziara ya siku moja ya kupigwa picha.

Msomaji wako,
Tanga.