Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: mia tano zetu na mtaro wa soko

Mheshimiwa Waziri wa tawala za mikoa na serikali za mitaa, shikamoo. Mi ni mama wa nyanya na vitunguu kwenye soko moja huku Temeke, mwaka wa tisa huu, na kila siku nalipa ushuru mia tano.

Kulipa sikatai. Jamaa wa ushuru anakuja na posi yake, kile kimashine cha risiti, anabonyeza, risiti inatoka, poa. Ila kuna siku anakwambia mtandao hamna mama, risiti kesho, na hiyo kesho haifiki. Ijumaa nikamgomea, bila risiti sitoi, akasimama palepale mezani anafoka mpaka wateja wawili wakaondoka zao, basi nikatoa yaishe. Ile hela imeingia wapi? Maana asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ndo mikopo ya kina mama, vijana na wenye ulemavu, na kikundi chetu bado tunausubiri huo mkopo, kwahiyo mia tano ikipotea ni sisi wenyewe tumepigwa mara mbili.

Mtaro wa soko umeziba tangu masika, mvua ikinyesha maji meusi yanapita chini ya meza. Ukiuliza unaambiwa mapato ya ndani hayatoshi. Na kweli Mheshimiwa yatatosha vipi, kodi ya majengo ilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato, 2016, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, ushuru wa parking nao ukaenda TARURA, wale wa barabara, halmashauri ikabaki kukimbizana na sisi wa meza na wenye magenge.

Mi nimepanga chumba na sebule, mita iko kwangu, kila mwezi inakatwa 1,500 ya jengo la baba mwenye nyumba, kumdai naogopa atanipa notisi. Halafu nyumba ya kawaida ya Mbagala kwetu na ya Masaki kwa wenye nazo zote 1,500 hiyohiyo, hapo haki iko wapi jamani.

Naomba hela yote ya kodi ya majengo iwe ya halmashauri, ilipwe na mwenye nyumba kwa thamani ya nyumba yake, na kila mwezi watubandikie pale ofisi ya mtaa soko limeingiza shilingi ngapi na zimefanya nini. Na hao wa posi, mashine ikigoma wasipokee hela ya mtu.

Huo mtaro hauzidi hatua sitini, Mheshimiwa. Vuli haziko mbali.